Kona ya Nne

Zege halilali. Methali hii ilianza hivi, na mwenye kubisha aje abishe na mimi, Fundi Chilumba, kwa kuwa nilikuwepo na mikono yangu ilikuwa na saruji mpaka viwikoni.

Mwajabu na Nurdini, nimewasikia sasa hivi mkigombea sahani ya chipsi mayai. Siku hizi vijana mnaita chipsi mayai zege, sijui kwa nini, labda kwa sababu zinashikamana. Nurdini akataka nusu ibaki kiporo cha kesho, Mwajabu akasema "zege halilali" akaifuta sahani. Kisha mkaniuliza, Babu, maneno haya yalitoka wapi. Yalitoka kinywani mwa mwanamke mmoja, mbele ya watu wazima zaidi ya mia waliokuwa wamenyamaza. Mimi nilikuwa mmoja wa walionyamaza. Lishikeni hilo tangu mwanzo, msije mkadhani najipamba.

Kijiji chetu cha Chikwale kiko mlimani. Zamani zahanati yetu ilikuwa chumba kimoja chenye benchi na mizani. Mwanamke akishikwa na uchungu alipakiwa kwenye baiskeli na kuteremshwa mpaka hospitali ya mjini, mwendo wa saa tatu. Asumini, mdogo wake Bi Somoe, alipakiwa hivyo. Hakufika. Alikata roho mteremkoni, na mtoto wake tumboni. Matanga yalipokwisha, Bi Somoe alikwenda kwenye mkutano wa kijiji akasema kwamba Chikwale itakuwa na wodi ya wazazi, kwamba wanawake wataanza kusomba mawe kesho yake, na wanaume watafuata wakijisikia. Wakaanza. Sisi tukafuata kwa aibu.

Bi Somoe hakuwa fundi, alikuwa mpishi. Miaka mitatu aliwapikia mafundi waliojenga daraja la bondeni, na kila alipopakua ugali aliuliza swali. Mbona mchanga mnauosha? Kwa sababu ukiwa na udongo, saruji haishiki. Mbona msingi mnachimba kirefu hivyo? Tunautafuta udongo mgumu, kwa kuwa wa juu hucheza mvua ikinyesha. Mbona zege limeshakauka na bado mnalimwagia maji? Halijakauka, mama, linakomaa, na likikosa maji siku hizi za mwanzo litapasuka. Aliyahifadhi yote. Sisi mafundi wa kijijini tulimcheka, tukasema anataka kutunyang'anya kazi, na mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alikuwa Bwana Nampunju. Hakuwa mtu mbaya, ila alipenda sana wageni. Mtaro wa msingi ulipofika kwenye udongo mgumu na saruji ikaletwa, akaandika barua kumwalika mkubwa mmoja wa mjini awe mgeni rasmi, aje amwage zege la kwanza kwenye kona nne za wodi. Mgeni angefika saa nane mchana. Bwana Nampunju akataka mgeni akute lundo limeshachanganywa, linameremeta.

"Tungengoja afike kwanza, Mwenyekiti," nilimwambia. "Kuchanganya ni kazi ya muda mfupi tu."

"Fundi, mgeni hasubirishwi."

Basi nikachanganya. Kokoto, mchanga, saruji, maji, vijana wanageuza kwa sepetu na mimi nasimamia. Lilitoka zege zuri, sijapata kuchanganya zuri kuliko lile. Saa nane ikafika, mgeni hakufika. Tukalifunika lundo kwa magunia yaliyoloweshwa. Ngoma zikapigwa mpaka wapigaji wakachoka. Saa tisa ilipokaribia akaja mtu na pikipiki, akasema mgeni amepata dharura, atakuja kesho saa nne asubuhi.

Bwana Nampunju aligeukia lundo. "Basi lisiguswe," akasema. "Lifunikeni vizuri lilale. Kesho tutaliongezea maji, litaamka." Akanigeukia. "Au siyo, fundi?"

Nililijua jibu. Hata mtu aliyefanya kazi ya saidia fundi wiki moja analijua. Lakini barua ilikuwa imeshakwenda, mbuzi ameshafungwa tayari, na mwenyekiti ndiye anayechagua fundi wa kazi ijayo. Nikakuna kichwa. "Tutaona kesho, Mwenyekiti," nikasema.

Hapo ndipo Bi Somoe alipotoka katikati ya wanawake, karai mkononi.

"Bwana Mwenyekiti, zege halilali."

"Unasemaje?"

"Zege halilali. Mtu hulala akaamka, mbuzi hulala akaamka. Zege likishachanganywa lina saa yake, na ikipita limekufa. Kesho mtakuwa mnaamsha maiti."

"Nimesema tutaongeza maji."

"Nyumbani kwako ugali ukiganda sufuriani, mkeo akiumwagia maji unarudi kuwa ugali? Au unapata mabonge yanayoogelea?"

Watu wakacheka, na kucheka kule kulimuudhi kuliko maneno yenyewe. "Bi Somoe, shughuli hii ina mgeni rasmi. Ndiye atakayemwaga, si wewe."

"Mgeni akija atatukuta, tutampa chai. Wodi hii si yake. Ni ya Asumini, na Asumini hakusubiriwa na mtu."

Akainama, akajaza karai lake, akaenda nalo mtaroni. Hakukimbia. Mwanamke mmoja akainama, na wa pili, halafu wote. Bwana Nampunju alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Bi Somoe aliruka mtaroni akalishindilia zege kwa mti, kama alivyoona darajani, lisibaki na matundu ndani. Walijaza kona ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mimi nilisimama na sepetu yangu kama kibao cha njiani.

Walipolirudia lundo wajaze kona ya nne, Bwana Nampunju alikuwa amechukua kiti cha mgeni, kile cha mbao chenye kitambaa cheupe, amekipachika juu ya zege lililobaki, na amekikalia. "Anayetaka hili," alisema, "anichote pamoja nalo." Hakuna mwanamke wa Chikwale ambaye angemgusa mzee wa watu mwilini. Alikaa pale mpaka jua likazama, akaondoka akiacha kiti kiwe mlinzi. Kabla ya kuondoka alimpiga Bi Somoe marufuku kukanyaga kiwanjani.

Asubuhi tulikwenda kuondoa kiti, kikakataa. Miguu yote minne ilikuwa imeshikwa. Tulivuta watu wawili, tukavuta watu wanne, mwisho tukaleta msumeno. Hapo ningetosheka kama ningekuwa na haya. Lakini nilichukua sururu nikalipasua lile lundo, nikaliponda, nikalimwagia madebe manne ya maji. Likawa rojo lenye mawe. Saa nne mgeni akafika, akamwaga karai moja kwenye kona ya nne, akapigwa picha, akala, akaondoka. Tulipomaliza kuijaza kona, nikakoroga saruji kidogo na maji nikaipaka juu. Iling'aa kuzishinda zile tatu. Mwenyekiti akanipiga begani akasema mimi ni fundi kweli, nami nikafurahi.

Wiki nzima Bi Somoe alikuja kila alfajiri, marufuku au si marufuku, na ndoo kichwani. Alizimwagia maji kona zake tatu, akazifunika kwa majani ya migomba, akarudi zake. Ya nne hakuimwagia hata tone.

Siku ya nane tulikuja kuanza kuinua kuta. Tukamkuta ameketi mtaroni, juu ya kona ya nne, na mkononi ana mwiko wake mkubwa wa kupikia.

"Bi Somoe, toka," alisema Bwana Nampunju. "Nilikwambia kuingia hapa kwako ni mwiko."

"Ndiyo maana nimekuja nao."

"Toka tujenge."

"Jengeni. Tofali la kwanza liwekeni hapa," akajigusa bega. "Bora mimi kuliko hiki nilichokalia. Mimi nitapiga kelele kabla ya kuanguka."

Mafundi wakaweka nyundo chini. Kijiji kizima kikaanza kukusanyika, na wanawake wakashuka mmoja mmoja wakaketi mtaroni pamoja naye. Akanitazama mimi, na sikupata pa kuficha uso.

"Fundi Chilumba, gonga kona ya kwanza."

Nikagonga. Nyundo ililia, ikanirudi mkononi. Nikagonga ya pili, nikagonga ya tatu, zikalia vilevile. Nikaja kwenye ya nne. Akasogea pembeni, lakini hakuniruhusu kupiga. "Hii haihitaji nyundo," akasema. Akaugeuza mwiko, akaukandamiza mpini wake kwenye ule urembo wangu wa saruji. Urembo ulipasuka kama ganda la yai. Mpini ukazama, ukazama, mpaka kiganja chake kikagusa chini. Akachimbua konzi moja akaniwekea mkononi. Ilikuwa kokoto na unga, vitu viwili visivyojuana.

"Hilo ndilo mlilolilaza," alisema. "Juu yake mnataka kuweka ukuta, na chini ya ukuta kitanda cha mzazi. Sema, fundi. Siku ile ulikuna kichwa. Leo sema."

Nikasema. Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini nilisema. "Zege halilali, Mwenyekiti. Nililijua tangu siku ile. Na huo weupe wa juu niliupaka mimi, kutuficha wewe na mimi."

Bwana Nampunju alikitazama kile kiganja changu. Nawaambia hakuwa mtu mbaya. "Chimbueni," akasema mwisho. "Lakini mtajaza nini? Saruji ya msingi imekwisha."

"Upo mfuko mmoja stoo," alisema Bi Somoe.

"Ule ni wa kujengea kibao cha jiwe la msingi. Chenye jina la mgeni."

"Ndiyo huohuo."

Bwana Nampunju alitoa ufunguo mfukoni, akamkabidhi Bi Somoe mwenyewe, mkononi. Nilichanganya zege mbele ya macho ya kijiji kizima, na safari hii hatukumngoja mtu. Bi Somoe alilibeba karai la kwanza. Bwana Nampunju alivua kanzu akabeba la pili.

Wodi ile haina kibao mpaka leo. Wageni huuliza ilizinduliwa na nani, wauguzi wanabaki kutazamana. Lakini imepigwa na masika arobaini na ushee na haina ufa hata wa kuingiza wembe, na mama yenu alizaliwa kwenye kitanda cha kona ya nne. Watu wa Chikwale wakaanza kuambiana maneno yale kila mtu alipotaka kusogeza jambo la leo mbele, na madereva wa malori wakayachukua wakayashusha mjini, mpaka yamefika kwenye sahani yenu ya chipsi.

Mwajabu, naona swali limekujaa mdomoni. Unataka kujua kwa nini sikusema siku ile ile, saa tisa, nilipoulizwa. Niliogopa, mjukuu wangu. Sikukusudia kunyamaza moja kwa moja. Nilijiambia nitamweleza mwenyekiti kesho, tukiwa wawili, kwa upole. Kesho ilipofika neno langu lilikuwa limeshaganda kama miguu ya kile kiti, na nilichoweza kufanya ni kulimwagia maji na kulipaka weupe juu. Bi Somoe alikuwa na karai tu, lakini neno lake alilimwaga likiwa bichi. Kwa hiyo ukiona haki inapindishwa mbele yako na jibu unalo, usikune kichwa kama babu yako.

Zege halilali.