Zimwi Lililosukuma Kuta

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, nafasi ipo.

Tumesogea, tupe!

Hebu fumbeni macho, mwone nyumba ya udongo yenye vyumba vitatu. Humo alikaa Mashavu, mama yake, na baba yake Vuai, fundi wa vitanda vya kamba.

Siku moja Vuai alikwenda msituni kukata miti. Akakuta zimwi limebeba kibuyu cha pombe.

"Onja, fundi," likasema. "Hiki hakiishi. Nami sitaki malipo. Watu wako wakiulizwa, waseme tu kwamba unaumwa."

Vuai akaonja. Basi, tangu hapo hakukitua kibuyu. Alikunywa akalala, akaamka akanywa.

Akaja mteja. "Hodi! Kitanda changu mwaka huu au mwakani?"

"Baba Mashavu anaumwa," mama akajibu kwa ndani.

Zimwi, lililojificha nyuma ya nyumba, likaegemeza mgongo ukutani. Likasukuma. Vyumba vitatu vikawa viwili.

Akaja mwalimu. "Hodi! Mbona Mashavu haji kusoma?"

"Baba yake anaumwa."

Zimwi likasukuma. Vyumba viwili vikawa kimoja.

Wakaja watoto wenzake. "Mashavu, njoo tucheze!"

"Siji," akasema Mashavu. "Baba anaumwa."

Zimwi likasukuma. Chumba kikawa chembamba kama kabati.

"Mama, siwezi kunyoosha miguu."

"Kunja, mwanangu. Na usiseme kitu, watu watatucheka."

Mashavu akakimwaga kibuyu, kikajaa. Akakificha, kikarudi. Akalia, na baba akalia naye, kisha akanywa.

"Labda mimi ndiye niliyemuudhi baba," Mashavu akawaza, magoti yamemgusa kidevu.

Basi akaja Shangazi Miza, dada yake Vuai.

"Hodi! We Vuai! Umekuwa bibi harusi, hata nje hutoki?"

Zimwi likanong'ona katika ufa wa ukuta: "Anaumwa. Semeni anaumwa."

Mama akafumbua mdomo. Ukuta ulikuwa umefika puani pa Mashavu. Mtoto akajua neno hilo likitoka tena, hawataona kesho.

"Shangazi!" akapaza sauti. "Baba anakunywa kibuyu cha zimwi! Hawezi kuacha, na sisi hatupumui!"

Ukuta ukasimama. Zimwi likasukuma, wapi! Likasukuma tena, wapi! Likasukuma mara ya tatu, likateleza, likaanguka chali. Miza akaita majirani, wakaja na majembe. Hakuna aliyecheka. Zimwi likakimbia, majirani wakatoboa ukuta, Mashavu na mama yake wakatoka.

Vuai akabaki ndani, amekumbatia kibuyu.

"Kaka," akasema Miza, "nitakuja leo, nitakuja kesho, nitakuja kesho kutwa. Lakini siwezi kukufungulia vidole."

Vuai akavitazama vidole vyake. "Vimeganda, dada."

"Basi anza na kimoja."

Ilichukua siku nyingi. Kuna siku alikitua kibuyu, kuna siku alikiokota tena. Mashavu alikuwa akimwamkia kila asubuhi, kisha anakwenda zake kusoma.

Hadithi yangu imefika mwisho wake, mwenye masikio aende nayo. Mtu mmoja akishikwa, nyumba nzima hushikwa. Na anayeficha hulisaidia zimwi bila kujua.

Nawaombeni, wajukuu zangu, mkumbuke jambo moja tu: kibuyu cha mtu mzima si kosa la mtoto.