Buluu Iliyokataa Kugeuka

Lori la viazi vikuu lilikuwa limekwisha kuanza kutambaa kuelekea Akra. Etornam, mtunza maabara wa shule ya Kpando, alikuwa juu ya magunia, anakwenda kufuata vifaa, lakini ulimi wake ulikuwa bado chini kwa dada yake.

"We Dzigbodi! Kwenye mtihani wa kemia, chupa A ni glukosi, B ni wanga! Nimezitengeneza mwenyewe. Usijitese bure!"

"Kaka, una hakika?"

"Kopo limeandikwa glukosi, mimi nani nibishane na kopo? Andika, mtoto wa mama, ukawe nesi!"

Dzigbodi aliutaka unesi kama mwenye kiu atakavyo maji. Chuo cha unesi cha mji wa Ho hakikumpokea aliyeshindwa kemia, na baba alikwishasema: ukishindwa safari hii, utamsaidia mama yako kukausha samaki.

Katika mtihani alidondoshea B iodini, ikawa nyeusi ti: wanga kweli. Akacheka moyoni. A akaitia dawa ya Benedikti, ya buluu, akachemsha, akangoja wekundu wa matofali unaoonyesha glukosi. Buluu ikabaki buluu. Akachemsha tena, buluu ikamkodolea macho.

"Yangu imegoma," alinong'ona Mawunyo, jirani yake. "Na yako?"

"Ni glukosi hiyo. Dawa ndiyo imechacha. Kaka yangu ndiye aliyeitengeneza A."

"Haya, bibi wee! Kaka yako yumo ndani ya mrija? Mimi naandika nilichokiona."

Dzigbodi akaandika: wekundu wa matofali, glukosi.

Kumbe Etornam alikuwa ameikomba glukosi muhula mzima, akiitia kwenye unga wake wa muhogo wa kulowekwa. Kopo lilipobaki tupu, akalijaza sukari ya chai. Nayo sukari ya chai haiigeuzi Benedikti hata uichemshe mpaka kesho. Mwalimu Agbenyo wa kemia, kama ilivyo desturi, alikuwa amelifanya jaribio lile lile na kuwapelekea wasahihishaji alichokiona: buluu.

Matokeo yalipotoka, Dzigbodi alikuwa ameshindwa kemia. Akamfuata kaka yake. "Uliniambia glukosi!"

"Sasa si sukari ile? Zote si tamu?"

Dada alikaa chini, akalia kama aliyefiwa.

Shule ilipojua habari ya kopo, Etornam alifukuzwa kazi. Anauza vocha za simu Akra. Mwalimu Agbenyo amestaafu. Mawunyo ni nesi Ho. Dzigbodi yuko kando ya moto na mama yake, anageuza samaki, wala hamsemeshi kaka yake. Macho alikuwa nayo mawili, akaenda kuazima ya mwenzake. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.