Wimbo Uliokosa Jina

Hapo zamani, huko Oksitania, kusini mwa nchi ya Wafaransa, palikuwa na mtawala akiitwa Sikardi, shujaa asiye na mfano, hasa wakati wa kula. Na palikuwa na malenga fukara, Gilaberti, mwenye kanzu moja na kinanda kimoja. Huyu alitunga wimbo juu ya mwenendo wa Sikardi vitani, ukaenea hata wafua nguo wakauimba mtoni. Sikardi akaghadhibika, akatoa amri: "Yeyote atakayetaja jina langu katika wimbo ule, akatwe ulimi!"

Ikawa siku moja akaja mkwewe, mzee Bernado, aliyempa binti na ngome, akataka kuusikia wimbo huo unaovuma, wote bila kupunguzwa ubeti. Sikardi hakuthubutu kumkatalia. Akamwita Gilaberti faraghani, akamwambia, "Utaimba wote. Ukiruka ubeti wenye jina langu, ulimi sina budi kuukata. Ukilitaja, vilevile."

"Nimesikia, ee bwana mwenye huruma," akajibu Gilaberti.

Basi watu wakaketi barazani, mkata ndimi kasimama na kisu chake, naye Gilaberti akaimba:

"Adui walipofika, tarumbeta zikalia,
Bwana wetu akatoka, upesi akakimbia,
Ndani ya pipa la siki, kichwa mbele kaingia,
Naye jina lake hasa..."

Hapo akanyamaza, akawa anapiga kinanda tu.

"Ni nani mwoga huyo?" akauliza mzee Bernado.

"Bwana, ubeti sikuuruka, na nafasi ya jina ipo. Ila mimi nimekatazwa kuijaza. Huenda yupo humu alijuaye."

Akaurudia ubeti kwa sauti kuu zaidi, na vicheko vikaanza pembeni. Sikardi damu ikampanda, akaruka kitini.

"Mwongo! Mimi Sikardi sikuingia ndani ya pipa! Nilijificha nyuma yake!"

Gilaberti akainama. "Ahsante, bwana. Sasa wimbo umetimia."

Mkata ndimi, mtu mtiifu kuliko mwerevu, akasogea, akauliza kwa adabu, "Bwana, utapenda kukaa au kusimama?"

Mzee Bernado akacheka hata akashika mbavu. Sikardi, uso umemwiva, akaifuta amri yake papo hapo, na mkwewe akamtunukia Gilaberti farasi na joho zito.

Naye Gilaberti, kwa kuwa hakupenda kumsingizia mtu, akausahihisha ubeti wake, na tangu hapo nchi nzima ikaimba kwa uaminifu mkubwa: nyuma ya pipa.