Siku Mgeni Hakutangazwa

Maradhi si homa na kikohozi peke yake. Hata kosa ulilolifungia kifuani ni maradhi. Linakula ndani kwa ndani huku uso ukicheka. Ndiyo maana wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema ni kifo cha nani, na hapo ndipo nahodha wa hadithi hii alipojikwaa.

Nahodha huyo aliendesha feri ya abiria, na watu walimbandika jina la Chapchap. Akisema saa mbili, ni saa mbili. Ukisimama kufunga kamba za viatu, utaipungia feri mkono. Wauguzi wa zamu walimpenda, walimu walimpenda, na minong'ono ilikuwa imetanda bandarini kama moshi wa kuni mbichi: kampuni inaleta meli mpya, na usukani wake ni wa Chapchap.

Jambo moja tu lilimkera: mgeni. Kila mwaka nyangumi walipita katika mkondo ule na watoto wao. Kanuni ilikuwa kwamba nahodha akimwona nyangumi, au akimgusa, atangaze kwenye simu ya upepo, "Mgeni njiani." Hapo meli zote, kubwa kwa ndogo, zilipunguza mwendo mpaka mgeni apite, na karani wa tiketi akaandika ubaoni: LEO KUNA MGENI. Abiria wakiuona ubao walisonya. "Mgeni gani huyu, hana hata begi, anatuchelewesha kazini!"

Aliyepokea matangazo hayo alikuwa shemeji yake Chapchap, mdogo wa mkewe, mtafiti wa nyangumi. Ukuta wa ofisi yake ulijaa picha za mikia, kwa kuwa mkia wa nyangumi ni kama alama ya kidole: haufanani na mwingine. Jike mmoja mwenye mkia uliomeguka pembeni alimwita Pindo. Alikuwa amemfuatilia kwa miaka tisa, na mwaka huo Pindo alikuja na mtoto.

"Shemeji, arobaini ya mtoto lini?" Chapchap alimtania.

"Wewe punguza mwendo tu, nitakukalisha meza ya mbele."

Jumatatu moja injini iligoma kuwaka, feri ikachelewa dakika kumi na mbili. Kwa Chapchap, hilo lilikuwa tusi. Walipofika mkondoni aliachia mwendo kupita kiasi kilichoruhusiwa. Ghafla, kishindo! Mama aliyekuwa akimchana bintiye alijikuta ameshika kitana hewani. Chapchap aligeuka nyuma. Maji yalikuwa yamegeuka rangi ya kutu, na mgongo mpana mweusi ulikuwa ukizama polepole. Ubavuni pake palikuwa na mgongo mwingine, mdogo.

"Nahodha, tutangaze," msaidizi wake alisema, mkono tayari kwenye simu ya upepo.

"Tutangaze nini? Wakija kuuliza habari za mgeni, watauliza na habari za mwendo."

"Lakini kanuni, mzee..."

"Lilikuwa gogo. Umenisikia? Gogo."

Msaidizi aliondoa mkono kwenye simu ya upepo. Alikuwa na watoto wanne na kazi moja. Katika daftari la safari akaandika: Tumegonga gogo. Hakuna madhara.

Huko chini, abiria walipoambiwa ni gogo, babu mmoja aliyekaa dirishani aliuliza, "Gogo gani linapumua?"

"Babu, miwani hiyo ulipimwa mwaka gani?" kijana mmoja akadakia, na feri nzima ikaangua kicheko. Ukweli ukazikwa hivyo, watu wakicheka.

Jumatano jioni mtafiti aliingia nyumbani kwa dada yake. Sebule ilikuwa imejaa jamaa na majirani kama ilivyo ada, lakini yeye hakuketi.

"Shemeji, Pindo simwoni. Siku ya tatu leo, yeye wala mtoto. Kama ameumia hawezi kuzama kwa muda mrefu, atakuwa amelala juujuu katikati ya njia ya meli. Na mimi bila taarifa siwezi kuzipunguzia mwendo. Kama kuna nahodha amemgusa, aniambie tu ni wapi. Mengine tutayazungumza baadaye."

Kulisema lile neno kungechukua muda wa kumeza funda moja la chai. Chapchap aliiona meli mpya mbele ya macho yake, nyeupe kama yai.

"Mimi sijaona hata kivuli chake, shemeji."

"Sasa mbona unakoroga chai ambayo hujatia sukari?" mkewe alimuuliza. Watu walicheka, naye akacheka nao.

Usiwe na haraka ya kusema hakuwa na utu. Kila alipopita pale mahali alipunguza mwendo kimyakimya, akajiambia kwamba maji ya chumvi ni dawa, mnyama atapona. Lakini yeye alikuwa nahodha mmoja. Wengine walipita hapo wakijua njia ni nyeupe.

Ijumaa asubuhi maji yalimtupa Pindo ufukweni, hatua chache kutoka gatini. Mji mzima ulifurika. Mtafiti alipiga magoti kwenye mkia uliomeguka na kuushika kwa mikono miwili, kama mtu anayeshika miguu ya mzazi wake. Daktari wa wanyama alionyesha mgongo. Ulikuwa na mikato saba iliyopangana kama meno ya kitana.

"Hii ni mikato ya pangaboi inayosukuma chombo kidogo chenye kasi," alisema. "Ina siku nne, na haikumuua. Tazameni, kingo zilianza kujifunga. Alikuwa anapona." Kisha akagusa taya lililovunjika. "Hii ndiyo iliyomuua. Ni ya jana, ya meli kubwa. Ilimkuta juu, na haikuwa na habari kwamba kuna mgeni wa kumpisha."

Msaidizi alivua kofia. "Ilikuwa Jumatatu," alisema. "Ni sisi."

Watu wote waligeuka. Chapchap alikuwa amesimama katikati yao na sare yake iliyopigwa pasi, na watu wakajitenga naye mpaka akabaki peke yake.

"Nilikuuliza, shemeji," mtafiti alisema. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Juzi, Jumatano, mbele ya watu. Siku hiyo alikuwa hai."

"Niliogopa kuikosa meli."

"Na mtoto wake?" mkewe Chapchap aliuliza.

Daktari alitazama baharini. "Alikuwa bado ananyonya," akasema.

Meli mpya iliwasili miezi miwili baadaye, na nahodha mwingine usukani. Chapchap alinyang'anywa leseni, lakini si hilo lililompinda mgongo. Ni kwamba mji ule, unaojua kumsema hata paka wa jirani, haukumsema. Akipita, watu walinyamaza. Alilificha jeraha la Pindo kama aibu yake mwenyewe, mpaka aliyekuwa akipona akafa, na kifo hicho kikamfuata miguuni mbele ya mke, shemeji na mji mzima. Hakika, mficha maradhi kifo humuumbua.