Mfuko wa Tende Nyuma ya Mizigo

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba palikuwa na kijana mcha Mungu akiitwa Mundhir bin Waddah. Qur'ani aliihifadhi yote kifuani, swala za jamaa hazikumpita, na alipoadhini hata wavivu walijikuta wanatafuta maji ya udhu. Ila yake ilikuwa moja tu: alipenda mno watu wayajue hayo. Nawe unayetabasamu, usitabasamu mapema. Ngoja tufike mpakani.

Alifunga safari na msafara uliokuwa ukielekea Zarwan, nchi ya ugenini, akasome kwa mashehe wa huko. Kabla ngamia hawajainuka, alisimama mbele ya wasafiri wote arobaini akasema, "Ndugu zangu, shuhudieni. Nimeweka nadhiri kwa Mola wangu, nitafunga kila siku ya safari hii mpaka nivuke lango la Zarwan." Hakuna aliyemuuliza. Msafiri amepewa ruhusa ya kula, nayo ni rehema, lakini Mundhir aliiona ruhusa hiyo kuwa ya watu wa kawaida.

Siku tatu alifunga kweli. Siku ya nne jua likamshinda. Akajipenyeza nyuma ya mizigo, akakuta mfuko wa tende, akala saba, akanywa maji, akajiapiza kwamba kesho hatarudia. Kesho akarudi. Mfuko ulikuwa umejaa kama jana, na kando yake kibuyu cha maji. Siku ya sita hivyohivyo. Na yeye, Mungu amsamehe, akaanza kudhani ile ni karama.

Magharibi ikiingia, alikuja kufuturu akijikokota, watu wakimpisha mahali pazuri.

"Shehe Mundhir," mchunga ngamia mmoja alimtania, "mbona ngamia wangu amekonda kuliko wewe, na hajaweka nadhiri?"

"Mwambie aongeze dhikri," Mundhir akajibu, na watu wakacheka.

Mpishi wa msafara alikuwa mjane akiitwa Bibi Rabwa. Bintiye wa pekee aliolewa Zarwan, hawajaonana miaka tisa, na habari zilikuwa zimemfikia kwamba binti huyo ni mgonjwa sana. Kila jioni bibi huyu alichukua fungu lake mwenyewe la chakula akamwekea Mundhir. "Kula, mwanangu," alisema. "Aliyefunga ni mgeni wa Mungu." Na Mundhir akala, akamwombea dua ndefu, kila mtu akiisikia.

Siku ya kumi na mbili, jua likiwa utosini, wakafika lango la mpakani. Watu wa Zarwan walikuwa na desturi yao. Kila mgeni aliulizwa jina lake, atokako na lililomleta, kisha akapewa kipande cha mkate chenye chumvi, akile mbele ya walinzi. Aliyeila chumvi ya nchi ameahidi kwamba hatawadhuru wenyeji. Zamani waliwahi kuingia watu waliokataa kula, na siku hiyohiyo wakawafungulia maadui lango. Tangu hapo, asiyekula haingii.

Zamu ya Mundhir ikafika. Mkuu wa lango, mzee aitwaye Yazdan, hakuinua hata uso.

"Jina?"

"Mundhir bin Waddah, hafidhi wa Qur'ani."

"Nimeuliza jina tu. Umekuja kufanya nini?"

"Kutafuta elimu, ingawa kwetu walisema hawana tena la kunifundisha."

"Haya, kula."

Mundhir aliutazama mkate. Nyuma yake yalikuwapo macho ya watu arobaini. "Uniwie radhi, bwana. Nimefunga, tena kwa nadhiri. Haimaliziki mpaka nivuke lango."

Sasa Yazdan akainua uso. "Nadhiri ya mtu hatuivunji. Lakini mmoja wenu ataapa kwa jina la Mungu kwamba tangu alfajiri hujatia kitu kinywani. Ikibainika ni uongo, wewe na yeye mtarudi jangwani."

Mikono ikainuka, karibu yote. Yazdan akatikisa kichwa. "Ninyi mtaapa kwa mapenzi. Nani anawapikia?"

Bibi Rabwa akasogea, unga ungali mikononi. Yazdan akamuuliza, "Mama, huyu kijana amefunga?"

Bibi Rabwa akajifuta unga mikononi. Akamgeukia Mundhir, wala hakumtazama kwa hasira, na afadhali angekasirika. Alimtazama kama mtu anayemvutia shuka mtoto aliyelala. Hapo Mundhir akafahamu ni nani aliyekuwa akiujaza ule mfuko, na damu yote ikampanda usoni.

"Mama," Yazdan akasema, "usipoapa nitajua mnaficha jambo. Mtarudi wote wawili."

"Siwezi kuapa, bwana," alisema Bibi Rabwa. "Na kumsema siwezi. Kama ni kurudi, nitarudi." Akainama kulichukua furushi lake, lililokuwa na dawa za bintiye.

Midomo ya Mundhir ikakauka, safari hii kweli. "Mwache apite," alisema. "Sikufunga. Leo nimekula tende tisa. Nimekula kila siku tangu siku ya nne, na jioni nikala chakula cha mama huyu."

Mchunga ngamia akaanza kucheka, kisha akaacha.

"Ungeweza kuninong'oneza," Yazdan akasema.

"Nadhiri niliitangaza mbele ya wote, bwana."

Mzee akamsogezea mkate. "Majasusi wengi wamenidanganya hapa ili waingie. Sijaona aliyejiaibisha ili mwenzake aingie. Kula."

Kipande kile kilikuwa kidogo kuliko kiganja, lakini kilimchukua muda mrefu kukimeza, na hakuna aliyemtazama.

Walipovuka, alimkimbilia Bibi Rabwa. "Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utaona aibu, mwanangu."

Bibi akaharakisha kwenda kwa bintiye, akamkuta yu hai, sifa zote ni za Mola.

Inasemekana Mundhir alizilipa siku zake zote za nadhiri kwa siri, na watu wa mtaa wake wakamdhani mtu wa kula tu. Uzeeni, wanafunzi walipomuuliza kama amewahi kuona karama, aliinamisha kichwa. "Nilijaziwa tende na mama mmoja," alisema.

Nasi, ndugu yangu, ambao tukifunga Alhamisi moja mtaa mzima unajua, tujiulize ni nani anayetujazia mfuko nyuma ya mizigo, na amenyamaza kwa ajili yetu siku ngapi. Mola atusitiri, na atupe ulimi wa kusema kweli kabla hatujasimamishwa langoni.