Kibuyu Kilichopita Kikiwa Kitupu

Haya, tulieni basi. Nina kesi, na kesi yenyewe haina hakimu ila nyinyi. Nawajua: wengine mtakuwa mmeshaamua kabla sijafika katikati. Jizuieni. Mwenye kesi hii amekaa nayo moyoni mwaka mzima na bado imemshinda.

Walikuwepo watu watatu, na kila mmoja alijaliwa chake.

Wa kwanza ni Mutinda, askari wa ukaguzi katika uwanja mmoja mkubwa wa ndege. Huyu alijaliwa macho. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya skrini akitazama mizigo ya mkononi ikipita kwenye mashine, na kwa miaka kumi na mmoja hakuna chuma kilichompita. Wenzake walimtania kwamba akija kwako kukutembelea, atajua mmepika nini kabla hamjafunua sufuria.

Wa pili ni Wakesho, binti wa Taita, mhudumu wa ndege. Alijaliwa masikio. Abiria akikohoa safu ya thelathini, Wakesho yuko mbele jikoni, na anajua kama kile ni kikohozi cha kiu au cha ugonjwa.

Wa tatu ni Tapsubei, mama wa miaka sabini na miwili kutoka Nandi, ambaye kwao wote humwita Kogo, yaani nyanya. Huyu alijaliwa utulivu. Ng'ombe aliyewarushia wengine mateke alisimama kwake akakamuliwa, na watu walioshikana mashati waliachiana akifika, wala hakuwa na haja ya kupaza sauti.

Sasa, Kogo alikuwa na binti, Jelimo, aliyekuwa akifanya kazi nchi ya mbali. Jelimo akaugua, akalazwa, akafika mahali ambapo kila chakula kilimkinaisha. Siku moja akamwambia mama yake kwenye simu kwamba kitu pekee anachokitamani duniani ni mursik ya nyumbani. Mursik mnaijua: maziwa yanayogandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti, hata yakanukia moshi. Kogo akakamua kwa mkono wake, akachemsha, akagandisha, akafunga kibuyu kwa kifuniko cha ngozi. Ndugu wakamtafutia safari.

Hapo ndipo kosa lilipoingia, na ni kosa ambalo mtu wa kwao tu angelifanya. Kaunta ya kwanza walimwuliza kama ana mzigo wa kwenda chini, tumboni mwa ndege. Akatoa begi la nguo. Kibuyu akabaki nacho. Kwao kibuyu cha maziwa hakirundikiwi masanduku ya watu. Hubebwa, hutolewa kwa mikono miwili, na anayepokea hupokea kwa mikono miwili. Masikini, hakuna aliyemwambia kwamba huko chini ndiko pekee ambako maziwa yake yangepita.

Asubuhi hiyo foleni ya ukaguzi ilikuwa imefika mlangoni. Mbele ya Kogo alisimama bwana mmoja mwenye koti la kahawia. Mkoba wake ulipoingia kwenye mashine, mtu mwingine angeona mkoba tu. Mutinda akaona kwamba ukingo mmoja wa chuma ulikuwa mnene kuliko mwenzake. Akaamuru ufunguliwe, na ndani ya bitana kikatoka kisu cha kukunja, kirefu kama kiganja. Yule bwana akasema alikisahau. Kisu kikatupwa kwenye sanduku la vitu vilivyokatazwa, jina lake likaandikwa, akaruhusiwa kupita. Mkubwa wa zamu akampigapiga Mutinda begani. Mutinda, nawaambia kama alivyonieleza mwenyewe, akavimba kichwa kidogo.

Na akiwa bado amevimba, kibuyu kikaingia kwenye mashine.

Sheria iko wazi: kitu cha majimaji kisizidi mililita mia moja. Kibuyu kile kilikuwa cha lita mbili. Kogo akaeleza habari ya binti yake, polepole, kwa Kiswahili chake cha milimani, na Mutinda akasikia kila neno. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo anapojilaumu. Ndege ilikuwa bado na karibu saa nzima kabla ya kuondoka. Sheria hiyohiyo ilimruhusu kumwambia mama arudi kaunta, kibuyu kifungwe vizuri, kipakiwe chini. Alikuwa akiwaambia watu hivyo kila siku. Siku hiyo hakusema. Foleni ilikuwa ndefu, mkubwa alikuwa nyuma yake, na yeye mwenyewe alikuwa ametoka kusifiwa.

Kogo alipoona hapatikani mlango, akaomba jambo moja. "Basi usiyamwage kwenye taka, kijana wangu. Yamwage nje, kwenye nyasi."

Mutinda akajibu sawa. Kisha akayamwaga palepale, kwenye pipa la chupa za maji na soda, akamrudishia kibuyu kitupu. Kogo aliona. Alikipokea kwa mikono miwili, akakifunga kifuniko chake, akaenda zake.

Yule bwana wa koti naye alipita kwenye maduka ya upande wa ndani, akanunua chupa kubwa ya pombe kali. Chupa ya kioo, bila shaka. Akafungiwa kwenye mfuko wa plastiki na kutakiwa safari njema. Hapo hakuna aliyevunja sheria hata moja.

Ndege ikiwa angani kwa saa ya tatu sasa, Wakesho alikuwa mbele akipanga chai. Katikati ya mngurumo wa injini akasikia plastiki ikichanwa, kizibo kikikatika, na baadaye mtu akinung'unika peke yake. Akaanza kwenda nyuma, akiwahamisha abiria wa safu zile mmoja mmoja, kwa tabasamu, bila kueleza sababu. Alikuwa amemaliza safu mbili wakati yule bwana alipoipiga chupa kwenye chuma cha kiti ikavunjika. Shingo ya chupa ikabaki mkononi mwake. Alitaka mlango ufunguliwe ashuke arudi kwao. Baadaye tulisikia alikuwa ametoka kumzika mkewe. Wakesho akasimama kati yake na mlango. Kioo kikamkata kiganja hadi kwenye mshipa, na hakuondoka. Lau viti vile vingekuwa na watu, hatujui tungekuwa tunahesabu nini leo. Na lau mkono ule ungekuwa na kisu badala ya kioo, Wakesho mwenyewe anasema asingekuwepo kusimulia.

Yule bwana alikuwa akipiga kelele kwa Kinandi. Kogo alikaa safu ya jirani, amepakata kibuyu. Akainuka. Alimwendea kama mtu anayekwenda kumwamkia mgeni uani kwake, akamnyooshea kibuyu kwa mikono miwili, akamwambia kwa lugha yao, "Pokea, mwanangu. Umetoka mbali."

Mtu aliyelelewa kule hapokei kibuyu kwa mkono mmoja. Hata akiwa amelewa, hata akiwa amepandwa na wazimu wa msiba. Bwana yule alikitazama kibuyu, akaacha kioo kianguke, akapokea kwa mikono miwili, na machozi yakamtoka. Abiria wawili wakamshika. Ndege ikafika na watu wake wote, mia mbili na kumi na wanne.

Kogo akafika hospitalini siku hiyohiyo. Jelimo akafungua kifuniko, akanusa ule moshi wa nyumbani, akatia macho ndani.

"Maziwa yako wapi, mama?"

"Yalibaki njiani," Kogo akamwambia.

Jelimo alifariki siku ya tatu, akazikwa hukohuko.

Miezi miwili baadaye, wenye ndege wakatangaza zawadi: nishani moja na tiketi moja ya kwenda popote na kurudi, kwa mtu aliyeiokoa ile safari. Moja tu. Wakawaita wote watatu ofisini, wakaweka bahasha mezani.

Mkubwa wa Mutinda akataka apewe Mutinda. Alisema askari akinyimwa, kesho watu watasema ukaguzi ni usumbufu wa bure, na askari atakayemfuata hatahangaika na ukingo wa mkoba. Wa upande wa Wakesho wakaonyesha mkono wake. Vidole viwili havikunji tena, kazi ya angani imemwisha, na daktari anayeweza kuvirekebisha yuko ng'ambo. Na ndugu za Kogo wakauliza swali dogo: ukaguzi uliokamata maziwa ukaacha kioo kiuzwe, unapewa nishani ya nini? Mama huyu hana njia nyingine ya kufika kwenye kaburi la mwanawe.

Mutinda akasimama kukataa. Macho yake hayakutoka kwenye kibuyu kilichokuwa magotini pa Kogo. Mwisho akaomba msamaha kwa ajili ya maziwa, na kwa ajili ya pipa, na kwa ajili ya ile kaunta ambayo hakumwelekeza.

Kogo alimsikiliza hadi akamaliza. "Kisu ulikiona," akasema. "Nakushukuru, kingetuua. Mimi ndiye ambaye hukuniona."

Hakuyasema kwa hasira, na Mutinda anasema ingekuwa afadhali. Kila mmoja akaisukuma bahasha kwa mwenzake, na bahasha ikabaki katikati ya meza. Mutinda bado anakaa mbele ya skrini ile. Visu bado havimpiti. Ila siku hizi mama akija na chupa ya kitu, humwonyesha kaunta ilipo, foleni inune itakavyo.

Tiketi inakwisha muda wake mwezi ujao. Mwenye macho aliiondoa silaha kabla ya safari kuanza. Mwenye masikio aliuweka mwili wake mlangoni. Mwenye utulivu aliumaliza ugomvi kwa kibuyu ambacho, kama kingepita na maziwa yake, kingekuwa chini tumboni mwa ndege, kikienda kwa Jelimo.

Haya, mlikuwa na haraka ya kuamua. Bahasha ni moja: nyinyi mngemkabidhi nani, na mngewatazamaje usoni wale wawili wengine?