Mkia wa Mjusi na Uji wa Wasioweza Kulima

Wenye masikio mpo?
Tupo!
Mlioshiba je?
Tumenyamaza!
Na mwenye njaa?
Anasikiliza!
Chungu kiko wapi?
Jikoni, kinatokota!
Na mwiko kaushika nani?
Tuambie wewe!

Basi nitawaambia, lakini msinikatize, maana hii si ngano ya kucheka mwanzo mpaka mwisho. Pana mahali mtacheka, na pana mahali nitawaomba mnyamaze.

Palikuwa na nchi ya nyasi fupi na miiba mirefu. Wanyama wa nchi hiyo walikuwa na shamba moja kubwa la mtama, na kila aliyeweza kulima alilima. Asiyeweza hakuulizwa. Kila siku, jua likianza kuteremka, Shangazi Kanga alipika uji katika chungu kikubwa, bwata-bwata-bwata, kisha bakuli mojamoja likapelekwa mlangoni kwa kila mgonjwa na kila kilema. Mfalme wao, Mzee Tembo, ndiye aliyeweka utaratibu huo. Naye alipokwenda safari ndefu ya kutafuta maji, mwiko alimwachia Bwana Fisi, kwa sababu Fisi alijitolea mwenyewe. Nanyi mnajua jinsi Fisi anavyopenda kujitolea penye chakula.

Katika nchi hiyo alikaa Mjusi, ndani ya ufa wa ukuta, kwenye kibanda cha Mama Digidigi. Mama Digidigi alikuwa na miguu mitatu na nusu. Tanzi la waya lilimkata mguu wa nyuma, na kidonda hakikufunga tena. Siku nyingine aliamka vizuri, akafagia uwanja, akaimba. Siku nyingine homa ilimlaza chini asiweze hata kumfukuza inzi. Inzi hao ndio Mjusi aliokula. Mmoja alikuwa na uji wake, mwenzake ana inzi wake, na mazungumzo wakagawana. Walipendana majirani hao.

Sasa siku moja mwewe akashuka, nyaku! Akaondoka na mkia wa Mjusi. Mjusi asiye na mkia hawezi kupanda ghala kuwinda wadudu wa mtama, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Akapewa bakuli, dogo la kadiri yake, akanywa uji miezi miwili. Mkia ukaota. Alifurahi mno, akakimbia mkutanoni chwe-chwe-chwe, akasema mbele ya watu wote:

"Ndugu zangu, mkia umerudi! Fungu langu apewe mwingine!"

Shangazi Kanga akapiga vigelegele. Fisi hakupiga chochote. Akausogelea ule mkia, akaunusa.

"Umeota wenyewe?"

"Wenyewe, Bwana Fisi."

"Bila dawa?"

"Bila dawa."

"Kwa muda gani?"

"Miezi miwili."

"Uuu-hi! Hi-hi-hi!" Fisi akacheka mpaka mate yakamdondoka, na Mjusi hakuelewa anacheka nini.

Alielewa kesho yake. Fisi alipanda juu ya kichuguu, akatangaza mageuzi.

"Enyi wananchi! Tumedanganywa vya kutosha! Huyu Mjusi, raia mwema, ametuonyesha kwamba kilichokatika huota. Kiumbe mdogo kama huyu ameotesha kwa miezi miwili. Hao wakubwa wanangoja nini? Kuanzia leo uji ni wa miezi miwili tu. Anayetaka zaidi aje hapa kichuguuni, nimpime mwenyewe!"

Kisha akaimba:

Kilichokatika huota,
kisichoota ni uvivu!

Na wenye afya, siwafichi, walipiga makofi. Walikuwa wamechoka kulima, na iliwapendeza kuambiwa kwamba yuko anayewadanganya. Mjusi peke yake hakupiga. Aliona aibu mpaka rangi ikambadilika.

Wakaanza kwenda kupimwa. Akaenda Mzee Nyumbu, kipofu.

"Umekuja mwenyewe?"

"Niliongozwa na mwanangu, bwana."

"Umefika?"

"Nimefika."

"Aliyefika anaweza. Huyo mwanao akuongoze shambani. Nenda kaoteshe!"

Akaenda Mama Digidigi. Kwa, kwa, kwa, buruu! Kwa, kwa, kwa, buruu! Alitoka asubuhi, akafika jua la utosi.

"Umekuja kwa miguu?"

"Kwa mitatu, bwana. Na kwa kupumzika."

"Umefika?"

"Nimefika, lakini..."

"Aliyefika anaweza. Nenda kaoteshe!"

Safari ile ilimlipa homa ya siku tatu. Akaitwa tena katikati ya homa hiyo, naye hakuweza kuinua hata shingo. Mjusi akaenda kumsemea.

"Hakufika?" Fisi akauliza.

"Hawezi kufika, Bwana Fisi. Anaumwa."

"Asiyefika hataki. Akaoteshe!"

Mara ya tatu Fisi alikuja mwenyewe bila hodi, na bahati mbaya ilikuwa siku njema. Homa ilikuwa imempa nafasi, na Mama Digidigi alikuwa uwanjani, ameegemea ukuta, anafagia.

"Anafagia!" Fisi akapiga kelele hadi bondeni wakasikia. "Uuu-hi! Mgonjwa anafagia!"

Bakuli la Mama Digidigi likakatwa siku hiyo. La Mzee Nyumbu lilikuwa limekwisha katwa, na la kila mgonjwa mwingine likafuata. Ila mtama uliletwa uleule, na Shangazi Kanga akaamriwa kupika chungu kilekile. Uji haukupungua hata tone. Waliopungua ni wanywaji, akabaki mmoja, mwenye tumbo linaloburuta chini.

Mama Digidigi akakonda. Mbavu zake ungeweza kuzihesabu ukiwa mbali. Mjusi alimletea majani aliyoweza kuyabeba, na mjusi anabeba jani gani?

"Ningeunyamazia ule mkia," alisema, machozi yanamlengalenga. "Ningekaa ufani nikanyamaza, leo ungekuwa na uji."

"Mkia kuota si kosa, jirani," Mama Digidigi akamjibu, midomo imekauka. "Ulifurahi. Mimi pia nilifurahi. Sasa acha kulia, nitafutie bakuli moja tu. Sihitaji kuota kitu."

Asubuhi hiyohiyo habari zilifika kwamba Mzee Tembo anarudi, na atakuwa kichuguuni kabla jua halijapinduka. Mjusi akafikiri. Akimshtaki Fisi, Fisi atauinua ule mkia mbele ya mfalme na kusema, tazama, huota. Hapo Mjusi atakuwa shahidi wa adui yake mwenyewe. Akafikiri tena, kisha akamwambia jirani yake, "Mama, jikaze. Jua likiteremka utakunywa."

Akaenda kwa Fisi, chwe-chwe-chwe. Akamkuta analamba chungu, lamwa-lamwa-lamwa.

"Shikamoo, Bwana Fisi. Mzee anarudi leo."

"Arudi tu. Nimemwokolea chakula."

"Ndiyo nilichokuja kukuuliza. Akisema, wagonjwa hamna, na chungu kinapikwa kimejaa, nani anakula? Tumjibu nini?"

Ulimi wa Fisi ukasimama. Hakuwa amefikiria hilo. Wenye tumbo la namna ile hawafikirii zaidi ya chungu kinachofuata.

"Tumjibu nini, Mjusi?"

"Chungu ni cha wagonjwa, siyo?"

"Ndiyo."

"Na kama nchi nzima mgonjwa ni mmoja tu?"

Fisi akameza mate. "Basi chungu chote ni chake."

"Kwa halali. Hakuna wa kumnyooshea kidole."

"Lakini mimi ni mzima, Mjusi! Nitaumwa nini?"

"Chechemea," Mjusi akasema. "Ni rahisi. Shusha kiuno. Hapana, zaidi. Buruta mguu wa nyuma. Kunja uso, kama mtu aliyenyimwa."

Fisi akashusha kiuno. Kwa, kwa, kwa, buruu! Mjusi alipousikia mlio ule ukitoka kwenye miguu minne mizima, roho ilimuuma, akatazama pembeni.

"Hivyohivyo," akasema. "Na Mzee akikuuliza tangu lini, mwambie tangu zamani. Ugonjwa wa zamani una heshima."

Mzee Tembo akafika, ndi! ndi! ndi! Wanyama wakakusanyika kichuguuni, wazima mbele, wagonjwa walioweza kujikokota nyuma. Mama Digidigi hakuwamo. Fisi akajitokeza, kiuno chini, mguu anauburuta.

"Masalale!" Mzee Tembo akasema. "Umepatwa na nini?"

"Mguu, Mzee. Ninateseka. Ndiyo maana uji ninaunywa mimi."

"Pole sana. Tangu lini?"

"Tangu zamani, Mzee. Tangu kabla hujaondoka."

Hapo Mjusi akapanda juu ya kichuguu. Akaikaza sauti.

"Mzee, naomba kuuliza. Sheria yetu mpya inasema kilichoharibika hupona kwa miezi miwili, na baada ya hapo mgonjwa hapewi uji. Bwana Fisi anaumwa tangu zamani. Je, uji huu ameunywa kwa sheria gani?"

Fisi akamtazama Mjusi, akamtazama Mzee.

"Tena amefika hapa," Mjusi akaendelea. "Na aliyefika anaweza. Ama ni mzima, na chungu cha wagonjwa amekiiba. Ama ni mgonjwa, na chungu hakimhusu. Achague."

"Achague!" wakasema wazima, wale wale waliopiga makofi.

Fisi akatazama chungu. Kilikuwa kimeanza kutokota tena, bwata-bwata. Akatazama miguu ya Mzee Tembo, minene, karibu sana na kichwa chake. Akalia kwa sauti.

"Lakini hiyo ni sheria gani? Ugonjwa mwingine hauponi! Mguu ulioharibika umeharibika, utauamuruje upone kwa miezi miwili? Leo naweza kusimama, kesho siwezi. Nikija hapa mnasema naweza, nisipokuja mnasema sitaki. Niishi vipi? Nile nini? Mnataka nife ndipo mwamini?"

Walilia waliokuwa pale. Mzee Nyumbu alilia kwa macho yasiyoona. Hakuna aliyewahi kuwasemea wagonjwa vizuri namna ile.

"Umesema kweli," Mzee Tembo akasema taratibu. "Umesema kweli tupu. Sheria hiyo naifuta sasa hivi, kwa maneno yako mwenyewe. Kila mgonjwa arudishiwe bakuli lake. Na kwa kuwa wewe unateseka kiasi hiki, mwiko uweke chini, asiushike tena mgonjwa. Na siku nitakayokuona unatembea sawasawa, Fisi, nitajua uliniibia."

Hivyo Fisi akanyang'anywa mwiko, na tangu siku hiyo kiuno kiko chini na mguu unaburuta, yeye na wanawe, kwa sababu Tembo wapo kila mahali na hawasahau. Wanyama wakapiga kelele za furaha. Wakambeba Mjusi juujuu.

"Niteremsheni," Mjusi akasema. "Niteremsheni! Bakuli la Mama Digidigi!"

Lakini utaratibu ni utaratibu. Uji ulipakuliwa kuanzia kwa mgonjwa aliye karibu, na aliyekuwa karibu na chungu ni Fisi. Akapewa la kwanza. Wakafuata waliokuwa mkutanoni, mmoja mmoja. Jua lilikuwa limeteremka sana Shangazi Kanga alipojitwika bakuli la mwisho, na Mjusi akatangulia mbele, chwe-chwe-chwe, akipiga kelele njia nzima, "Mama! Uji unakuja! Mama, wa moto!"

Sasa hapa ndipo nilipowaomba mnyamaze.

Mama Digidigi alikuwa amelala uwanjani, kichwa kimeelekea njia ya kichuguuni. Alikuwa ametambaa hatua kumi, labda kumi na mbili. Siafu walikuwa wamekwisha kufika, mstari mweusi kutoka kichakani hadi kwenye kidonda, na wengine walikuwa wamefika machoni.

Mjusi hakulia. Akaanza kuwala siafu. Alikula wa machoni kwanza, halafu wa puani, halafu wa kidondani. Walimng'ata ulimi, akala. Tumbo likamjaa, likamuuma, akala. Hakuwa na namna nyingine ya kumfukuzia jirani yake siafu, na hakuacha mpaka watu walipokuja na majembe.

Shangazi Kanga alisimama na bakuli kichwani, hajui alitue wapi. Mwishowe akalirudisha. Na kwa kuwa Mzee Tembo alikuwa ameagiza uji wa wagonjwa usimwagwe, akapewa mgonjwa aliye karibu. Fisi alilipokea kwa mikono miwili, akalinywa hadi mwisho, akashukuru.

Ngano yangu naitua hapa, mwenye mabega aibebe.

Na funzo?

Funzo lipo, watoto, tena zuri. Msiwasikilize wanaosema kwamba wagonjwa wetu wanacheleweshewa haki zao. Fisi aliugua asubuhi, na kabla jua halijazama alikuwa amekwisha pewa mabakuli mawili.